Fremu Kumi na Nne

Jumatatu, 1 Julai

Fremu kumi na nne tena. Nimewasha, nimezima, nimewasha. Kumi na nne. Simu niliyojaribia ni ya kawaida, kama zile ninazofungua na kutengeneza kila siku kibandani kwangu sokoni: kioo kimepasuka, betri imevimba. Simu ambayo kila mtu hapa kambini Dzaleka anayo. Mchezo usipokimbia kwenye simu hii, haukimbii popote.

Picha kumi na nne kwa sekunde, jicho linaziona moja moja. Watu wanatembea kama wana miba miguuni. Nataka thelathini. Siombi sitini kama wale wapenda michezo wa kundi letu la WhatsApp, hao wanaota. Thelathini tu.

Olivier, mwenzangu kwenye kazi hii, anasema tatizo si kasi. Anasema watu wanataka kina. Kina, kina, kina. Neno hilo limenichosha. Ni mwalimu wa hesabu, amezoea watu wasioruhusiwa kumjibu.

Tunatengeneza mchezo wa mbinu. Unaitwa Wavukaji. Unapewa watu kumi na wawili, uwavushe milima mitatu mpaka ziwani, na askari wako kila njia. Upande wako hakuna bunduki. Unaamua nani atangulie, nani abebe maji, nani ajifiche, lini wote wanyamaze. Tarehe ishirini na sita tunaupeleka Lilongwe, mbele ya watu watakaochagua michezo mitano ya kusaidiwa mpaka itoke. Mwaka mzima wa kazi yetu. Siku ishirini na tano zimebaki.

Baridi. Vidole haviandiki vizuri.

Alhamisi, 4 Julai

Kundi la WhatsApp lina watu arobaini na rai sitini. Mchezo haujatoka, hakuna aliyeushika, lakini vyama viwili tayari vipo. Chama cha kasi na chama cha kina. Kinyozi mmoja wa Dowa ameandika kwamba mchezo wa mbinu ulio chini ya fremu sitini ni tusi kwa mchezaji. Mwingine akamjibu kwamba drafti haina fremu hata moja na watu wanaicheza tangu enzi za babu zao. Nilicheka peke yangu. Halafu nikakasirika, maana huyo wa drafti alikuwa Olivier, kajibandika jina lingine.

Nimemwambia leo uso kwa uso. Mchezaji hasubiri. Ukimchelewesha kidogo anakwenda kucheza mpira. Akasema kwenye mpira hakuna mtu wa kusahauliwa. Jibu gani hilo.

Tunafanyia kazi barazani kwa mama yake kwa sababu paneli yake ya jua ndiyo yenye nguvu. Mama Olivier anatwanga majani ya muhogo, sombe ya kuuza, tangu asubuhi, kinu kinatikisa meza, na mimi ninahesabu fremu. Leo alituletea viazi vitamu. Hupita nyuma ya viti vyetu na haangalii kioo. Anadhani tunafanya hesabu za shule.

Kila mwisho wa mwezi huenda kwenye ofisi ya orodha ya waliopotea kuuliza kama jina la mtoto wake limeonekana mahali. Patrick, mdogo wake Olivier. Walimpoteza milimani walipokimbia Bukavu kuelekea Uvira. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Imepita kumi na mmoja, leo angekuwa mtu wa ndevu. Ofisini wanamjua. Wanamwambia bado, mama. Anarudi, anatwanga.

Jumapili, 7 Julai

Nimeipata.

Si miti. Si mvua. Si vivuli, maana vivuli nilishavikata vyote na namba haikusogea. Leo baada ya misa nilisoma faili za Olivier mstari kwa mstari, zile ambazo huwa nasema ni zake na sizigusi. Mtu akipotea kwenye mchezo, baada ya muda hesabu yake inafungwa, jina linafutwa, mashine inapumua. Ndivyo ilivyo kwa watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hafungwi. Huyu akipotea, mchezo unaanza kumtafuta. Kila jiwe, kila kichaka, ramani nzima, kila fremu. Haukomi. Hata ukifika ziwani na wengine, hata ukishinda, nyuma huko bado unamtafuta.

Na lazima apotee. Nimejaribu mara nane. Nimempanga mbele, nimempanga katikati, nimemshikisha mkono wa mtu. Mlima wa kwanza anapotea.

Jina lake kwenye faili ni Patrick.

Nilifunga kompyuta nikakaa. Majina yote kumi na mawili ni ya watu waliotoka nao nyumbani. Tulisema tutayabadilisha mwishoni.

Namwonea huruma na nina hasira naye, vyote kwa pamoja. Ungeniambia, Olivier. Wiki sita nimekata miti.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemkabili. Hakukana. Nikampa njia ya katikati: mchezo umtafute mara moja kwa dakika badala ya kila fremu. Mchezaji hataona tofauti. Thelathini tunazipata bila jasho.

Aliniangalia kama nimemtukania mzazi. "Ulionaka wapi mama mwenye anatafuta mutoto wake mara moja kwa dakika?"

Nikasema huu ni mchezo. Akasema hicho ndicho kina, njo kina yenyewe hiyo. Nikasema Lilongwe hawatanunua kilio chako kwa fremu kumi na nne. Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Lakini maneno sikuyarudisha.

Mimi nina kaburi. Baba yangu amelala hapa hapa Dzaleka, msalaba wake niliupaka rangi mwenyewe. Siku aliyofariki hakuna aliyeniambia. Jirani alikuja akasema fagia nyumba, kuna wageni. Mwingine akasema kula kwanza. Kwetu habari ya kifo haitupwi usoni mwa mtu. Inazungushwa, inapitishwa mlango wa nyuma, mpaka mwenyewe aikute. Nilipoona wanaleta viti, nikajua. Nililia, nikazika, nikamaliza. Olivier na mama yake hawajawahi kuletewa viti. Sijui kukoje kuishi hivyo na labda siwezi kujua.

Lakini thelathini nazihitaji.

Jumatano, 10 Julai

Hatusemezani. Yeye shuleni, mimi kibandani. Mwanamke mmoja kutoka Madisi kaleta simu iliyoangukia sufuria ya nsima, ugali wa huku. Nimeikwangua kwa mswaki wa zamani mpaka ikawaka. Kabla ya kumrudishia niliipakia Wavukaji. Tisa. Fremu tisa. Mwenyewe akachungulia akauliza kama hao watu ni wagonjwa.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefanya. Nilinakili faili pembeni, nikaandika mistari minne. Akipotea, baada ya hatua mia moja mchezo unafunga hesabu yake kama ya mwingine yeyote. Kikaratasi kinatokea katikati ya kioo. Jina, na chini yake: Amekufa.

Thelathini na moja.

Nilipiga makofi peke yangu kama kichaa. Nimecheza mpaka ziwani mara tatu. Maji yanatiririka, watu wanatembea kama watu. Nakiri kwamba kwa saa nzima nilikuwa na furaha tupu. Nilipokuwa nikisonga ugali ndipo nikakumbuka nilichokifuta.

Jumapili watu sita wanakuja kuujaribu, chumba cha kwaya, baada ya misa. Olivier ataiona hapo hapo. Akiona watu wanavyofurahi atanyamaza. Huo ndio mpango wangu, na najua si mpango mzuri sana. Kabla ya hapo nibadilishe majina.

Jumapili, 14 Julai

Sikubadilisha majina.

Niandike kwa mpangilio, vinginevyo nitajidanganya. Walikuja watu saba. Wanakwaya watano, dereva mmoja wa kabaza na baiskeli yake ya abiria aliyokataa kuiacha nje, na Mama Olivier. Yeye hatukumwita. Alisikia kijana wake ana maonyesho, akaja na beseni la maandazi, akakaa mbele. Kompyuta tuliiunganisha kwenye televisheni ya kanisa. Dereva wa kabaza ndiye aliyecheza, na alicheza vizuri. Mlima wa kwanza, mtu mmoja akapotea. Hatua zikahesabika. Mimi nilikuwa naangalia namba pembeni ya kioo, thelathini, thelathini na moja, thelathini, na sikuangalia kingine chochote.

Kikaratasi kikatokea. Patrick. Amekufa.

Olivier alisimama. Mama yake akamshika mkono akamkalisha. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alisomeshwa na masista, anasoma vizuri. Kisha akatuangalia, yeye, halafu mimi. Uso wake ulikuwa mtulivu.

"Asante, bana bangu," akasema, akituita wanawe. "Mulibeba muzigo muzito."

Akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akatoka. Beseni akaliacha.

Nilidhani anausifu mchezo. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Hata nusu saa haikupita tukasikia yowe kutoka upande wa kwake. Tulikimbia. Ua ulikuwa umejaa majirani. Alikuwa amekaa chini bila viatu, anamwita Patrick kwa majina yake yote, la ubatizo, la babu, na lile la kumbembelezea. Aliamini tumepata habari ya kweli. Aliamini tumeizungusha kwa heshima kama inavyotakiwa, mbele ya watu, baada ya misa, na yeye aikute mwenyewe. Kazi yetu yote ya mwaka mzima aliiona kuwa ni hiyo, njia ndefu ya kumwambia.

Watu wakaanza kuleta viti.

Jumatatu, 15 Julai

Matanga yamefunguliwa. Turubai limefungwa kutoka ukuta wake mpaka wa jirani. Kuni zimekuja, unga umekuja, kwaya imekuja. Warundi wamekuja, Wanyarwanda wamekuja, watu wasiomjua hata kwa jina. Msiba wa hapa hauulizi umetoka wapi.

Olivier amesema nami mara moja tu, kwenye bomba la maji, bila kuniangalia. "We njo ulimuuwa. We njo utaenda kumwambia."

Ana haki. Nilikwenda. Nilifika mbele yake, wanawake wamemzunguka kulia na kushoto. Kabla sijafungua mdomo akanivuta kichwa akakilaza kifuani kwake, akanishukuru tena. Alinuka moshi na sombe. Mimi ninayejisifu kwamba sina haya, sikuweza. Nilikwenda kuosha masufuria. Nimeyaosha mpaka jioni, hata yaliyokuwa safi.

Jumanne, 16 Julai

Mama Olivier amekula. Jirani yake, Mama Neema, ndiye aliyemlisha. Anasema baada ya kula alilala mchana, akakoroma. Miaka yote ya ujirani wao huyu mama hulala viatu vikiwa kando ya mkeka, tayari, mtu akija kumwita. Leo viatu viko nje uani na vimejaa vumbi.

Olivier aliviona pia. Alikuja kibandani, akasimama kama mteja. Amesema tuache. Tuache hivi hivi. "Analala, Nabintu. Mama iko analala." Amesema sote tunajua, tumejua siku nyingi, na kama mistari minne inampa mama usingizi basi iwe hivyo. Tena amesema Lilongwe twende na ile ya thelathini.

Kwa hiyo nimeshinda. Chama cha kasi kimeshinda. Sijawahi kushinda kitu kikanichachia mdomoni namna hii. Nikasema sawa.

Jioni Mama Olivier aligawa vitu vya marehemu kama inavyopasa. Kitu kilikuwa kimoja. Sweta ya shule, ya bluu. Siku ile Patrick aliivua kwa joto la kupanda mlima, akampa mama amshikie. Amekuja nayo mpaka Malawi kwenye mfuko wa plastiki, hajawahi kuifua. Amempa binti wa Mama Neema, maana Julai hii ina baridi kali.

Jumatano, 17 Julai

Mama Olivier aliniita. Keshokutwa matanga yanafungwa, na hayafungwi bila mtu kusoma historike: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alikufaje, nani alikuwepo, amelazwa wapi. Amenichagua mimi.

"We njo unajua kuandika, mwana wangu. Na we njo uko na habari."

Anasema hakutuuliza siku zote hizi kwa sababu aliona macho yetu yamechoka. Sasa anaweza kusikia. Nani alimwona? Walimfunika na nini?

Nilisema nitaandika.

Alhamisi, 18 Julai

Patrick, mtoto wa pili. Alizaliwa Bukavu. Alibatizwa akiwa na miezi minne. Alimaliza shule ya msingi. Alipenda kuchora malori na aliogopa bata. Aliondoka nyumbani pamoja na mama yake, kaka yake na majirani, jumla watu kumi na wawili. Mlima wa kwanza.

Hapo nilikwama.

Hayo ya bata alinipa Olivier, amekaa barazani, kanipa mgongo. Akasema andika homa. Andika kuna mtu anakaa Nathenje, alikuwa naye, homa ilimchukua siku tatu, walimzika vizuri na sala. Nikaandika homa. Kuandika yasiyokuwepo ndiyo kazi yangu, naandika mvua na hakuna tone. Ilikwenda vizuri, aya nzima. Halafu nikamwona Mama Olivier amesimama sokoni Nathenje, anauliza kila banda, yuko wapi yule mtu aliyekuwa na mwanangu, aniambie alimfunika na nini. Angekwenda. Wiki hiyo hiyo. Kwa miguu kama ingebidi.

Nikaichana.

Nimekwenda kwake mchana huu. Niliomba wanawake watoke. Nilipiga magoti. Nikasema hakuna aliyeona, hakuna habari kutoka popote, ni mimi niliyeandika mistari minne ili mchezo ukimbie. Nilisema yote, mpaka fremu. Nilimweleza mama mwenye kilio mambo ya fremu. Sijawahi kujiona mpumbavu kiasi hicho.

Nje walikuwa wanapasua kuni, nikawa nahesabu mapigo ya shoka kwa kukosa pa kuweka akili.

"Njo kusema hakuna muntu mwenye aliona mwili?"

"Hakuna, mama."

"Basi mutoto iko."

Akanyanyuka kwa kushika ukuta. Akatoka uani, akakung'uta viatu, akavivaa.

Ijumaa, 19 Julai

Leo ndiyo matanga yangefungwa. Badala yake wamefungua turubai. Masufuria yanarudi kwa wenyewe. Katekista alisema maneno machache na hakuna aliyejua aweke uso gani. Nikipita watu wananyamaza. Wanasema wasomi wamecheza na kifo. Hawajakosea.

Mama Olivier aliniagiza nikaidai sweta. Sikubisha. Mama Neema alinipa, imekunjwa, imepigwa pasi. Alikuwa ameifua. Bila shaka aliifua. Nani atamvalisha mwanawe nguo ya marehemu bila kuifua?

Nilimpelekea. Akaikunjua, akaiweka usoni, akainusa. Akakaa hivyo. Halafu akaikunja tena, kwenye mikunjo ile ile ya pasi.

"Muliifula," akasema.

Basi. Nilitaka anipige. Angenipiga ningekuwa na pa kushika. Aliirudisha kwenye mfuko wa plastiki akaenda kutafuta mwiko wake.

Jumatano, 24 Julai

Tumegombana upya, safari hii kila mmoja kwa maneno ya mwenzake. Olivier anataka tupeleke toleo la thelathini. Anasema mchezaji hasubiri. Anasema miaka kumi na mmoja ametafuta, amechoka, anataka kushinda kitu kimoja maishani hata kama ni cha kwenye simu. Mimi nikasema siwezi. Akaniuliza tangu lini mimi ni mtu wa kina. Nikasema siwezi kukaa chumba kimoja na kile kikaratasi.

Akasema fanya unavyotaka, kama ulivyozoea.

Nimefuta mistari yangu minne. Majina yote nimeyabadilisha, sasa ndiyo nimekumbuka. Nimejaribu. Kumi na nne.

Ijumaa, 26 Julai

Lilongwe. Kibali cha kutoka kambini tulikipata jana dakika za mwisho. Chumba chenye zulia, chupa za maji mezani, watu watano wa kutupima. Dada mmoja mwenye miwani alicheza, kwa makini kweli, simwonei. Mlima wa kwanza alipoteza mtu wake. Mchezo ukaanza kutafuta na watu wakaanza kutembea kwa miba.

Akauliza kwa nini unakwama. Nikaeleza. Akaweka simu chini taratibu. Akasema ni jambo linalogusa, lakini mchezaji hasubiri. Maneno yangu ya tarehe nne, neno kwa neno, nilitaka kumwambia ayarudishe.

Mzee aliyekaa pembeni yake akauliza kama hatuwezi kutafuta kwa vipindi, tuseme mara moja kwa dakika. Nilimgeukia Olivier. Juzi tu alikuwa anataka thelathini kwa gharama yoyote. Alijibu kabla yangu, kwa Kiingereza chake cha darasani, kwamba hapana, haiwezekani. Hakueleza.

Saa kumi wakasoma michezo mitano. Wetu haumo.

Tulikula chipsi za kando ya barabara, tumesimama, chumvi nyingi mno. Olivier akasema drafti pia wasingeichagua. Ni mara ya kwanza kutaniana tangu matanga. Sikucheka lakini nilimpa chipsi zangu zilizobaki.

Jumatano, 31 Julai

Mwisho wa mwezi. Nilimwona Mama Olivier akipita sokoni na mfuko wake, anaelekea ofisi ya orodha. Hakugeuka kibandani kwangu. Baada ya muda nikamwona akirudi. Hatua zile zile. Mama Neema anasema viatu vimerudi kando ya mkeka, na usiku anamsikia anatembea.

Wiki mbili zilizopita alikuwa analala. Nilimnyang'anya mimi. Ningesema uongo angekuwa analala, na angekwenda Nathenje, au asingekwenda. Nimelizungusha jambo hili mpaka kichwa kinauma. Nilimuua mwanawe kwa ajili ya fremu, nikamfufua kwa ajili ya dhamiri yangu. Mara zote mbili sikumuuliza yeye.

Kundi la WhatsApp limeuliza matokeo. Nimewajibu. Kinyozi wa Dowa akaandika kwamba yeye alishasema. Alisema kweli.

Jumapili, 11 Agosti

Baridi inapungua. Nilikwenda barazani leo baada ya misa, mara ya kwanza tangu Julai, kuchukua waya wangu wa kuchajia. Olivier alikuwa na kompyuta wazi, anaangalia tu. Nilisimama pale, sikujua kama nikae.

Mama Olivier alitoka ndani na kigoda chake. Akakiweka katikati yetu, akakaa. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Munionyeshe kwenye munamutafutia."

Olivier hakusogea. Nikauwasha mimi. Mlima wa kwanza ukatokea, watu wakatembea, mmoja akapotea. Mchezo ukaanza. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyochambua majani ya sombe.

"Inaenda pole."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni juu ya kumutafuta."

Akaitika kwa kichwa. Kisha akanyoosha kidole, kikiwa bado na rangi ya kijani, akagusa kioo nyuma ya kilima, mahali ambapo sisi tuliweka nyasi tupu. "Hapa kulikuwa mugezi mudogo na migomba. Hapa hamukuangalia."

Olivier alisema hakumbuki mto wowote. Mama akasema ulikuwa mutoto, ulikuwa unalia, ungeona nini.

Nikafungua faili ya ramani. Nikachora mto, yeye akanielekeza unapopinda. Nikaweka migomba upande wa kulia, akasema apana, kushoto. Nikaihamisha. Mchezo ukaanza kutafuta kando ya maji pia, shina kwa shina. Namba pembeni ikashuka mpaka kumi na moja.

Akavuta kigoda karibu zaidi na kuuliza kama tunaweza kuweka na njia ya mbuzi, ile iliyokuwa inashukia upande wa pili.

Nikamwambia aonyeshe ilipoanzia.